Nilivyopiga picha vibanda vya Kaloleni, wenyewe wakavivunja

Wakuu, habari zenu. Wale wa rika langu, niaje.

Nimelificha jambo hili mwezi mzima, na leo nimeamua kulitoa. Sitalitia chumvi kwa sababu halihitaji. Lilivyotokea linatosha kuniaibisha.

Anayeshuku, fundi wa viatu nitakayemtaja bado yuko pale pale Kaloleni, na hakuna kitu anachopenda kama kuwasimulia wateja habari hii wakisubiri viatu vyao.

Kwa wasionijua, mimi ni fundi wa mashine za photocopy, mzaliwa wa Umoja, huku Eastlands ya Nairobi, na ninaishi Umoja hadi leo. Mwaka jana nilinunua kamera ya mtumba ambayo mfuniko wa betri umeshikwa na selotepu. Sikutaka harusi wala graduation. Nilitaka street, yaani kuwapiga watu barabarani wakiwa katika shughuli zao, bila kuwapanga.

Mwalimu wangu alikuwa mzungu mmoja wa video za mtandaoni. Huyo jamaa anatembea kwenye mvua, katika mji ambao hakuna mtu anayemwangalia mwenzake, na kila akibonyeza anatoa picha ya kutundika ukutani.

Sheria zake zilikuwa chache. Vaa nguo nyeusi. Usitabasamu. Usimwangalie mtu machoni. Usiongee na mtu, kwa sababu ukiongea umeshaharibu.

Nilizishika zote kama mtoto wa katekisimu.

Miezi mitatu ya kwanza nilipiga migongo. Nina migongo ya Umoja yote. Nina pia mbwa, matangi ya maji, na kidole changu mwenyewe mara nyingi kuliko ninavyopenda kukubali.

Nilipoziweka humu jukwaani, mmoja wenu aliniambia zinafanana na CCTV ya supermarket. Mwenyewe unajijua, na bado sijakusamehe.

Mwingine akaniambia nisogee karibu na watu. Ule ulikuwa ushauri mzuri, na ningeufuata uzi huu usingekuwepo. Tatizo ni kwamba mimi ni mwoga. Badala ya kusogea, nilinunua lenzi ndefu.

Sasa hapo aingie Nafula.

Nafula anafanya kazi kwenye duka la dawa huko Donholm. Nilimjua nilipoitwa kurekebisha mashine yao, kisha nikarudi mara mbili ikiwa haijaharibika. Wakati wa mambo haya tulikuwa tumefika pale ambapo mwanamume anaambiwa aje nyumbani aonekane.

Baba yake alifariki zamani, kwa hivyo wa kuniangalia alikuwa mama. Nafula hakunificha. Aliniambia mama yake akisema hapana, nisitarajie atagombana naye kwa ajili yangu. Na mimi huyu mwanamke ninampenda, niseme tu wazi, kwa hivyo hiyo Jumamosi ya kwenda kwao ilikuwa inaninyima raha.

Mama Nafula anaishi Kaloleni, kwenye zile nyumba za mawe za zamani, na anauza mboga. Niliambiwa anauzia hapo nje tu. Sikuuliza nje ipi.

Alhamisi sikuwa na kazi. Nikaona niende Kaloleni mapema, niizoee njia, nisije nikapotea siku yenyewe. Na kwa vile naenda, nikabeba kamera. Nafula sikumwambia, nilitaka Jumamosi nionekane mtu anayeujua mji wake.

Karibu na social hall, ukumbi wa mikutano wa mtaa, nilikuta safu ya vibanda kumi na vinne, mbao na mabati, vimebanana. Mboga, viazi, mitumba, simu, viatu, chapati.

Kumbukeni mwalimu wangu wa video alikuwa ametoka kufundisha kuhusu series. Chagua kitu kimoja, kipige kwa namna ile ile, umbali ule ule, kimoja baada ya kingine hadi mwisho. Nikasema basi series yangu ndiyo hii.

Ili umbali uwe sawa, nilihesabu hatua kutoka kwenye mtaro hadi mbele ya kila kibanda. Ili nisichanganye, nilikuwa na daftari. Namba moja, hatua kumi na mbili, mwanamke, mboga. Namba mbili, hatua kumi na mbili, chapati. Kila nikiandika, narudi nyuma, nachuchumaa kando ya mkokoteni, napiga na ile lenzi ndefu.

Wakuu, hebu tazameni. Mwanamume asiyejulikana. Nguo nyeusi, kofia imeshushwa hadi kwenye nyusi. Anahesabu hatua, anaandika namba, anapiga picha kibanda kimoja kimoja, na hasalimii mtu.

Mtoto yeyote wa Eastlands angekwambia huyo ni nani na amefuata nini. Mimi nimezaliwa huku na sikuona.

Kwenye namba tisa fundi wa viatu aliinuka, akaniletea chai ndani ya kikombe cha bati, akaniita mkubwa, akauliza kama kuna namna tunaweza kuongea. Nikakumbuka sheria. Nikainywa chai, nikatikisa kichwa, nikaandika namba tisa.

Nilirudi Umoja nikiwa na furaha tele. Chai ya bure, watu wote kimya, hakuna aliyenifukuza. Niliamini mtaa umenikubali.

Jumamosi ikafika. Nilivaa shati jeupe, nikabeba shopping ya heshima, sukari, unga, majani chai na mkate mkubwa. Njiani Nafula akaniambia mama hayuko sawa, kuna shida kwenye biashara, nisiongee sana.

Tukapita social hall.

Vibanda havikuwepo. Palibaki mashimo ya nguzo na majani ya kabeji yaliyokauka. Nikauliza, kwa sauti ya mtu asiyehusika, kulikuwa na nini hapa. Nafula akasema mtu wa kanjo, wale askari wa jiji, alikuja Alhamisi kuorodhesha vibanda vya kubomolewa, kwa hivyo jioni ile ile wenyewe walivivunja ili waokoe mbao na mabati kabla tingatinga halijafika.

Alhamisi hiyo mimi ndiye niliyekuwa hapo. Lakini nikajiambia Nairobi ni kubwa, na watu wenye kamera ni wengi.

Nyumba ya Mama Nafula ilikuwa imejaa mpaka mlangoni. Magunia ya kabeji, mbao, mabati yameegemea kabati la vyombo, jiko la chapati la jirani. Ile sanamu ya plastiki ya kuvalisha nguo, ya mama mwingine anayeuza mitumba, ilikuwa imeketishwa kwenye kochi, mahali pa mgeni. Hakuna aliyeiondoa. Nikakaa kando yake.

Mama Nafula ni mtu wa maneno machache na macho mengi. Alinikaribisha, akauliza habari za wazazi wangu, akaniwekea ugali na kuku. Kisha akaanza kusimulia yaliyowapata.

Kwa maelezo yake, mtu wa kanjo alikuwa na urefu wa kugusa mlango, macho mekundu, na bastola kiunoni. Hiyo bastola, wakuu, ilikuwa lenzi yangu ndogo ndani ya mfuko wake.

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nafasi nilikuwa nayo, tena si moja. Nilisema pole mama. Nikaongezewa ugali. Nikasema pole tena. Akasema tangu Alhamisi hakuna hata mmoja wao aliyeuza kitu, kabeji zinaoza hapo tunapoziona, na mtu kama huyo Mungu anamwona.

Nikasema amina.

Sauti ikasikika mlangoni. Alikuwa Fundi Ouma, yule wa viatu, ambaye ndiye mwenyekiti wa hiyo safu. Alikuwa amekuja kuuliza kama kuna habari mpya. Lakini hakuingia. Alisimama kizingitini akiangalia chini.

“Mama Nafula, hivi viatu ni vya nani?”

Nilikuwa nimevivua mlangoni, kama mgeni mwenye adabu. Na mjinga mimi, nilibadilisha shati, nikaacha kofia nyumbani, lakini viatu vizuri nina jozi moja tu.

Mama Nafula akamjibu ni vya mgeni wa Nafula. Ouma akaingia ameshika kimoja mkononi, amekigeuza.

“Buda, uso yako sikuangalia. Mimi kazi yangu ni kuangalia chini. Hii soli imeisha upande wa nje, na kisigino iko na kipande ya raba ya tairi. Hii kiatu ilikunywa chai yangu Alhamisi.”

Nilisimama haraka, kiwiko kikaipiga ile sanamu, ikaanguka kifudifudi kwenye gunia la kabeji. Hakuna aliyecheka. Nikasema mimi si mtu wa kanjo, mimi hupiga picha tu. Ouma akauliza picha za nini. Nikasema za street. Nafula akaweka kiganja usoni.

Sikuwa na la kufanya ila kutoa simu na kuwaonyesha. Mama Nafula alipangusa mikono, akavaa miwani, akaichukua.

Ya kwanza ilikuwa yeye mwenyewe. Ameinama ndani ya gunia la sukuma wiki, amenipa mgongo, na lenzi ndefu imeusogeza huo mgongo hadi ukatawala katikati ya picha, kibanda kikabaki kona zake tu. Siku mbili nzima nilikuwa nimejiambia hiyo ndiyo kali kuliko zote.

“Hii ni mimi?”

“Ni wewe, mama.”

“Na uso yangu iko wapi?”

Akapitisha kidole, ya pili, ya tatu, polepole, hadi ya kumi na nne. Kisha akanirudishia simu.

“Watu kumi na nne, na hakuna hata mmoja anajulikana. Hata salamu hukutupatia. Sasa ulikuwa unapiga picha ya nini?”

Mmenikosoa sana humu, lakini hakuna aliyewahi kunigusa namna hiyo. Nilitamani ardhi inimeze.

Hukumu ilitoka hapo hapo. Kesho nikitoka kanisani nije na nyundo. Vibanda vyote visimame tena, na mimi niwe wa kwanza kufika na wa mwisho kuondoka. Habari za mimi na Nafula tutaziongea kibanda cha mwisho kikishasimama, kama kutakuwa na cha kuongea.

Nafula alinisindikiza hadi barabarani. Tulipofika akasema neno moja tu.

“Ungeniambia unakuja, ningekupeleka kwa kila mmoja wao. Wote wamenilea.”

Akageuka, akarudi nyumbani. Hilo liliniuma kuliko kile kiatu mkononi mwa Ouma, na hadi sasa nikiandika linaniuma.

Jumapili nilifika na nyundo, misumari na aibu. Niliwasalimia wote kumi na wanne. Tisa waliitikia. Mama Shiro, mwenye ile sanamu, ambaye kwao ni Murang'a kama wazazi wangu na nilidhani atanionea huruma, aliniuliza kwa Kikuyu kama mama yangu anajua nilivyo.

Tulipotaka kuanza, ikazuka shida ambayo hakuna aliyeitarajia. Nguzo zilikuwa zimeng'olewa ovyo ovyo, mashimo yamefunikwa na nyayo za watu, na sasa kila mtu alikumbuka kibanda chake kikiwa kikubwa. Mama Shiro alidai mitumba yake ilifika hadi penye nguzo ya stima. Muuza viazi akasema nguzo ya stima ilikuwa ndani kwake. Jamaa wa simu akasema wote wawili wanadanganya. Sauti zikapanda, na Fundi Ouma akaanza kuvua koti, na mwenyekiti akivua koti mjue mkutano umeisha.

Mama Nafula alikuwa ameketi juu ya debe, anachambua sukuma. Hakuinua sauti.

“Si huyu aliandika? Lete hiyo kitabu.”

Basi nikatoa daftari. Namba tano, mitumba, hatua kumi na mbili kutoka mtaroni, mwisho wake shina la ule mti mdogo. Namba sita, viazi, nguzo ya stima kulia. Na kila namba ina picha yake, kutoka mbele, umbali ule ule, kona zote zinaonekana.

Mama Shiro akasema hatua zangu ni fupi. Nikaamriwa nitembee tena mbele ya watu wote, kutoka mtaroni, nikihesabu kwa sauti, nikiwa nimenyata vile vile kama Alhamisi. Hapo watu walicheka mpaka muuza chapati akakaa chini. Ouma akavaa koti lake.

Tangu mwanzo nilitaka picha zangu ziwe sanaa. Zikawa ramani, na nilifurahi kuliko ambavyo ningefurahi zikitundikwa mahali.

Tulijenga mchana kutwa. Nilijigonga kidole mara tatu. Lakini mtu ukimshikia ubao, ataongea nawe tu. Nilijua kwamba muuza viazi huimba kwaya sauti ya nne, kwamba jamaa wa simu anasomea ualimu, kwamba Ouma alianza kushona viatu vya watoto wake kwanza kwa kukosa namna, majirani wakaona, wakaanza kuleta vyao. Kila kibanda kikisimama, mwenyewe alikuwa ananiuliza mbona sijampiga picha. Ile lenzi ndefu niliiacha nyumbani. Nilikuwa na ile bastola tu, na hiyo hukulazimu usimame karibu hadi unuse chakula cha mtu.

Sasa wale wa kujifunza, sikilizeni hapa.

Mtu wa mtaani ukimwambia unampiga picha, anasimama wima, anabana mikono, anakaza uso kama wa kitambulisho. Zamani hiyo ingenikera, ningesema wameharibu street. Siku ile niliwapiga hivyo hivyo, kwa heshima yao. Ila niligundua kwamba wakishasikia mlio wa kamera, wanaachia pumzi. Mabega yanashuka, wanacheka, wanaitana. Picha iko hapo. Miezi yote ile nilikuwa nashusha kamera mapema.

Mama Shiro, baada ya kukaza uso, aligeuka akaanza kuifunga ile sanamu vifungo vya blauzi huku anaigombeza kwa kuanguka jana. Ninayo. Ouma, baada ya kusimama kama askari wa gwaride, aliinua kiatu cha mteja kutazama tundu kwenye soli, na jicho lake likanitazama kupitia hilo tundu. Ninayo pia. Hiyo ndiyo mliyoisifu wiki iliyopita bila kujua ilikotoka.

Kibanda cha mwisho kilikuwa cha mboga. Nilipopiga msumari wa mwisho Mama Nafula hakuwepo. Alikuwa ameingia nyumbani. Alitoka na kitenge kipya na kitambaa cha kichwa, akaichukua kamera mikononi mwangu, akampa Nafula. Kisha akaniambia niende nikasimame pale mbele ya kibanda, naye akaja.

Nafula alikuwa hajanisemesha tangu jana. Aliinua kamera, akafumba jicho moja.

Nilimwona Mama Nafula amesimama mbali, kama hatua tatu. Nikajua picha itakuwa na shimo katikati, kwa hivyo nikasogea. Akasogea mbali. Nikadhani hajaona, nikamwomba kwa adabu asonge kidogo, na mimi nikasonga. Akazunguka meza ya kabeji, akasimama upande wa pili.

Watu wakaanza kucheka tena, lakini mimi sikuona cha kuchekesha. Nilikuwa nimefanya kila nilichoambiwa, na mama huyu hawezi hata kusimama kando yangu. Nikamwambia Nafula kwa sauti ya chini kwamba basi, nimeelewa, sina haja ya kusumbua mtu, niende tu nyumbani.

Nafula akashusha kamera. Alikuwa anacheka, na machozi yanamtoka.

“Wacha kumfukuza mama. Kwetu mama hasimami karibu na mkwe wake, ni heshima.”

Nilimwangalia Mama Nafula. Alikuwa ameikazia kamera macho, mikono imebanwa, kabeji zote kati yangu na yeye.

“Piga basi,” akamwambia Nafula. “Wajomba wake wako Bungoma wanangoja kuiona.”

Wakuu, mimi kwetu mama mkwe anakumbatiwa. Hayo ya kwao sikuyajua, na hakuna video iliyonifundisha.

Nilichojifunza ni kidogo. Huku kwetu ukijificha ndipo unapoonekana, kwa hivyo salimia kwanza, sema jina lako na unachofanya, kunywa chai huku unaongea na aliyekupa, ndipo ufungue lenzi. Na usishushe kamera mapema.

Nawe kama umewahi kudhaniwa mtu wa kanjo, mpelelezi au mtu wa kukata stima kwa ajili ya kamera yako, andika hapa chini tujue hatuko peke yetu.

Picha yenyewe nimeiweka hapo. Nafula alikuwa anashika kamera kwa mara ya kwanza, kwa hivyo imepinda na miguu imekatwa. Kosoeni fokasi, kosoeni mwanga, nitavumilia. Ila kuna mmoja atakuja kuniambia nafasi kati yetu ni kubwa mno, niikate. Huyo nitajua bado hajaenda ukweni, na hiyo nafasi siikati.